Maswali Matano Kuhusu Ngamia

Vita vya shifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilinikuta shuleni Garissa, nikijifunza Kiingereza na kutomwamini mtu. Mwalimu wetu alitoka "Kenya", kama tulivyozoea kuita kila mahali ng'ambo ya mto Tana. Kila siku alituandikia ubaoni hadithi kutoka kitabu cha Wazungu: treni, theluji, bibi na paka wake. Maswali yake tuliyajibu bila shida, maana paka wa Mzungu hakutuhusu.

Asubuhi moja akaja na karatasi zilizopigwa taipu. Hadithi ilikuwa ya mchungaji na ngamia wake. Nikashtuka palepale. Tangu lini Wazungu wakatutungia hadithi ya ngamia? Maswali manne yalimhusu mchungaji yule. La tano likatugeukia sisi: familia yako hunywesha ngamia wapi, na nani huwachunga?

Siku zile ngamia aliyekutwa nje ya vijiji vilivyolindwa na askari alitwaliwa, na mchungaji wake akapelekwa kusikojulikana. Abti, kaka yake mama, alikuwa amewaficha wetu porini upande wa Masalani. Kwetu hata wakati wa amani, mgeni akidadisi habari za mifugo huambiwa, "Alhamdulillahi, wapo," kisha humiminiwa chai. Niliogopa kumpoteza Abti kuliko nilivyoogopa kiboko.

Nikatupa jicho pembeni. Darasa zima, bila hata kunong'onezana, lilikuwa likiandika upuuzi: ngamia walikufa, ngamia ni wa jirani, sisi hufuga kuku. Msomali wa porini na kuku, wapi na wapi.

Mwalimu aliyasoma majibu akafoka kwamba hatuelewi tunachosoma. Alipofika kwenye karatasi yangu akaniita mezani. Swali la tano nilikuwa nimeliacha wazi. Akataka kujua sababu.

"Mwalimu, hii swali nani anauliza?"

Akaisoma karatasi upya, polepole, na nikaona uso wake ukibadilika. Kwa sauti ya chini akasema aliletewa kutoka ofisi ya serikali, na kwamba jioni askari angekuja kuchukua majibu. Kisha akafungua wino mwekundu, akatuandikia sifuri sote.

"Nitawaambia darasa langu halielewi Kiingereza," alisema. "Wacha wanione mwalimu mbovu."

Hata hapo sikumwamini. Nilimwamini siku Abti alipotokea nyumbani, amekonda, mzima, akiuliza kama kuna chai.