Siku Aliyoificha Reinhold

Usiku ule nilivuta kiti nikakiweka chini ya simu ya jikoni, nikakaa. Upepo ulikuwa ukiipiga nyumba upande wa kaskazini mpaka vikombe vinagongana kabatini. Binti yetu Twila, anayesomea uuguzi Denver, alitakiwa awe nyumbani kabla ya giza. Alikuwa ndani ya lori dogo la Reinhold Schaible, na barabara ya 85 ilikuwa imefungwa tangu alasiri kwa dhoruba ya theluji.

"Njoo ulale, mama," Delmar, mume wangu, aliita kutoka chumbani. "Reinhold anaijua ile barabara kuliko ng'ombe anavyolijua zizi."

"Ndicho kinachonitisha."

Delmar ndiye aliyempangia Twila lifti ile bila kuniuliza. Mimi ningekataa. Reinhold alikuja mjini kwetu kijana, akaajiriwa na mfugaji nyuki, na tangu hapo kila majira ya baridi hupeleka mapipa ya asali Denver na kurudi na lori tupu. Mtu mfupi, kofia haimtoki kichwani mpaka mlangoni pa kanisa. Hukaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya kahawa ya baada ya ibada. Ukipishana naye njiani huinua kidole juu ya usukani kama kila mtu, lakini hatazami. Mashine yako ya kukatia nyasi ikiharibika ataitengeneza, ukimkaribisha mezani atasema ameshakula. Hana mke, na akiulizwa ndugu, husema hana.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonikosesha raha ni safari zake. Wengine wote wakienda Denver hurudi siku inayojulikana. Yeye hurudi kesho yake. Nilimuuliza mara moja dukani, akasema, "Barabara ni ndefu, mama," akaendelea kuchagua glavu. Alikuwa akichagua glavu za sufu kubwa, za mkono wa dubu, naye mikono yake ni kama ya mtoto wa shule. Mwaka uliofuata nikamwona ananunua nyingine, kubwa vilevile. Nikamwambia Delmar huyu ana mtu mahali. Delmar akacheka, akasema basi hongera yake.

Simu ilipolia niliirukia. Alikuwa askari wa barabara, upande wa Dakota Kusini, jimbo linalopakana na letu.

"Mama, tumelipata lori. Liko mtaroni, limelala ubavu, kusini ya mji wa Buffalo."

"Na mwanangu?"

"Ndani hakuna mtu."

Hapo nikasikia mtu anashusha pumzi kwenye laini. Laini yetu tulikuwa tukiitumia pamoja na majirani, na Elvera, mmoja wao, hakosi kusikiliza.

"Elvera, weka simu chini."

"Sisikilizi mimi," alisema Elvera. "Lakini nani anatoka kwenye gari katika dhoruba? Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua gari haliachwi. Huyo mwanamume ana lake."

Kwa mara ya kwanza maishani nilikubaliana na Elvera. Kwetu sheria ni moja: ukikwama, kaa ndani ya gari mpaka wakukute. Waliotoka tumewazika wakati wa kiangazi, ardhi ilipolainika.

"Kuna nyumba hapo karibu?" nilimuuliza askari.

"Moja tu, ya mfuga kondoo. Mzee mkali, hana simu. Anaitwa Emanuel Schaible."

Nikamwomba alirudie hilo jina la pili, akalirudia. Basi yule asiye na ndugu alikuwa na ndugu, tena pale pale lori lilipoangukia, na mwanangu alikuwa naye. Elvera alisema, "Mungu wangu," akaweka simu chini mwenyewe.

Kulipopambazuka tulifuata gari la kusukuma theluji kuelekea kusini. Delmar ndiye aliyeendesha. Bunduki yake ilikuwa mahali pake nyuma ya kiti kama siku zote. Nilikuwa sijawahi kuiangalia. Safari hii niligeuka mara kwa mara.

"Acha kuitazama hiyo," Delmar alisema.

"Siitazami."

"Unaitazama, mama. Reinhold ametengeneza pampu yetu mara ngapi?"

"Mwizi naye anajua kutengeneza kufuli."

Tulipita lori. Kioo cha mbele kilikuwa kimevunjika na theluji imejaa ndani mpaka usawa wa viti. Delmar alipunguza mwendo, akanitazama. Hapo hata mimi nisingekaa ndani. Lakini kutoka kwenye gari ni jambo moja, na alikompeleka ni jambo lingine.

Njia ya kwenda kwenye ile nyumba haikuonekana. Delmar alibaki akichimba kwa koleo, mimi nikatangulia kwa miguu, theluji magotini. Nikagonga. Ndani mtu alitembea, akasimama.

"Nani?"

"Mama wa msichana. Nifungulie."

"Uko na nani?"

"Mume wangu yuko barabarani."

"Reinhold hayuko nawe?"

"Si yuko humo ndani, na mwanangu?"

Komeo likavutwa. Mbele yangu alisimama mzee mkubwa kama mlango wenyewe, na mikononi alikuwa na glavu zile za sufu. Sikupata nafasi ya kuzishangaa. Twila alipita chini ya mkono wake, akanikumbatia, miguu imezungushiwa ngozi za kondoo.

"Mama, mko na Reinhold? Mmemchukua bandani?"

"Bandani?"

Alinieleza haraka. Lori lilipoanguka na kioo kuvunjika, Reinhold alimfunga kamba kiunoni, akaishika seng'enge ya malisho kwa mkono, nguzo hadi nguzo, mpaka taa ya hii nyumba. Hatua chache kabla ya mlango akamfungua kamba. "Gonga wewe," alimwambia. "Akisikia sauti yangu hatafungua. Kila mwaka nagonga, kila mwaka hafungui, naacha glavu mlangoni na kulala bandani." Kisha akaingia gizani kuelekea kwa kondoo.

"Nilimwambia huyu mzee amwite ndani," Twila alisema. "Usiku kucha nimemwambia."

Emanuel alitazama ukuta. "Aliuza sehemu yake ya ardhi ya baba kwa mtu baki. Mtu baki akapitisha seng'enge katikati ya malisho yangu. Mama yetu alikufa anaitazama."

"Ndiyo seng'enge iliyomleta mwanangu hapa," nilisema.

Emanuel akageukia jiko.

Nilikwenda bandani. Reinhold alikuwa amejilaza katikati ya kondoo, wamembana pande zote, kofia kichwani. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa vyeupe kama mishumaa, viganja vimechanwa na miba.

"Twila?" aliuliza.

"Mzima."

Akafumba macho. Nilikuwa na maswali ya miaka mingi, nikamuuliza moja tu. "Kwa nini hukuniambia dukani?"

"Ungemwambia Elvera," alisema.

Nilimwinua. Hakutaka kwenda kwenye nyumba. Alisema atangoja kwenye gari letu. Nikamwambia vidole hivyo havingoji gari, nikamkokota kama ndama. Mlango ulikuwa umefungwa tena. Niligonga.

"Nani?"

Ningeweza kusema ni mimi tu. "Mama Twila," nilisema, "na ndugu yako. Mkono wake umeganda."

Hatukusikia hatua. Reinhold aligeuka aondoke, nikamshika koti. Kisha ndani Twila alisema kitu kwa ukali, na komeo likavutwa. Ni Twila aliyefungua. Mzee alikuwa jikoni, ametupa mgongo, anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Reinhold alisimama kizingitini, theluji ikimpita na kuingia sakafuni.

"Fungeni mlango," Emanuel alisema bila kugeuka. "Baridi inaingia."

Reinhold alivua kofia. Akaingia, kisha akaufunga.