Sauti Alizozifuta Dada

Dada yangu alikuwa wa mwisho darasani kwao, na hali hiyo hakuizoea. Wote walioanza naye masomo ya uzamivu wa elimu walikuwa wameshavaa joho. Mmoja, mtu wa Geita, alikuwa amepewa chuo cha ualimu kukiongoza. Mwingine alikuwa ametunga vitabu vya kusoma vinavyomwanzisha mtoto kwa Kisukuma kabla ya kumvusha kwenda Kiswahili, na shule za huko kwenye ng'ombe zilikuwa zinavitumia. Kila habari kama hiyo ilipoingia kwenye kundi lao la simu, dada aliandika hongera ndefu, tena ya moyoni, kisha akailaza simu kifudifudi mezani.

Chuo kilikuwa kimemwongezea muda kwa mara ya mwisho. Alete tasnifu au afutwe.

Mimi niliishia kidato cha nne na sikukaa mahali. Nimechekecha mchanga wa almasi Maganzo, nimepakia mpunga Kahama, na popote nilipokuwa nilikumbuka vumbi la zizi la baba kama mtu anayekumbuka chakula. Wakati huo nilikuwa naendesha bodaboda upande wa Bulyanhulu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Dada alikuwa anachunguza kwa nini watoto wa shule za jirani na machimbo hupotea darasani kwa wiki kadhaa, kisha hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitaka kuwasikia mama zao, wale wanaoponda mawe pembeni ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu. Alihitaji mtu wa kumfikisha na kumtambulisha. Akanipigia mimi.

Tulikwenda asubuhi. Kina mama walikuwa wamekaa chini ya maturubai, kila mmoja na rundo lake la mawe na nyundo. Dada alipiga goti kidogo mbele ya kila mmoja, akimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwalimu. Umekuja kutusaidia kuponda?"

"Nikiponda mimi mtakula vidole vyangu."

Walicheka, wakampisha jiwe la kukalia. Aliwaeleza kwamba hataandika jina la mtu, na sauti zao hatazisikia mwingine ila yeye. Hilo lilikuwa jambo zito. Serikali ilikuwa imeonya kwamba eneo litakalokutwa na watoto litafungwa, na mkuu wa machimbo naye akasema mama atakayeleta mtoto ataondoka na nyundo yake. Hata hivyo waliwaleta, kwa kuwa mikono miwili haitoshi mawe yakiwa mengi. Walimwambia dada hayo yote, mmoja baada ya mwingine, na kidude chake cha kunasa sauti kikiwa mapajani. Mama mmoja mwembamba, mwenye kilemba cha kijani, alisema hata majina ya wanawe na madarasa yao.

Kisha dada akauliza swali ambalo shuleni angemuuliza mzazi yeyote.

"Na watoto wenu, walianza lini kuja huku kwa wingi?"

Nyundo zikasimama. Mama wa kilemba cha kijani aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

Duara likianza kutema, yaani mawe yakianza kuwa na dhahabu ya kueleweka, hakuna anayelitamka. Mtu hanunui buti mpya, hali nyama hadharani. Wakijua majirani, watachimba kwa chini kukufuata. Wakijua wakubwa, watakuja na karatasi zao. Sasa, watoto huletwa mawe yakiwa mengi. Anayeuliza watoto waliongezeka lini anauliza duara lilitema lini. Dada hakulijua hilo. Alikuwa anawaza mahudhurio.

Sijui nani alikwenda kusema. Mkuu wa machimbo alikuja taratibu, akitafuna matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, kutoka mfukoni, na vijana wanne watano nyuma yake. Mmoja alichomoa ufunguo wa pikipiki yangu akautia mfukoni bila hata kuniangalia.

"Shikamoo, mwalimu," mkuu alisema.

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Hicho kidude kinakula nini?"

"Kinanasa sauti. Nasoma chuo, nafanya utafiti wa watoto na shule."

"Na shule ndiyo inataka kujua mambo yangu yameanza lini?" Alimeza, akajipangusa mdomo. "Basi kitapike, tusikie wote."

Vijana walicheka. Mmoja alisema, "Huyo mwanafunzi mbona mvi zimemtangulia?" Mwingine akajibu kwamba wapelelezi wa siku hizi wanatumwa na wajukuu zao.

Dada hakucheka. Nilisogea karibu nikamnong'oneza, "Dada, wapigie hizo sauti wasikie. Ni mambo ya sare na madaftari tu. Wakisikia watatuachia."

"Na yule aliyetaja wanawe?"

Kina mama walikuwa wameinamia mawe yao bila kuponda. Yule wa kilemba cha kijani alikuwa ameikamata nyundo kwa mikono miwili.

"Mwalimu," mkuu alisema, "mimi sina ugomvi na mtu mzima. Nipigie hicho kitu, nikisikia hakuna langu, utaondoka na soda."

"Sauti hizi si zangu, baba."

"Ni za nani?"

"Za waliozitoa."

"Waliozitoa wako kwenye eneo langu."

"Eneo ni lako. Sauti ni zao."

Kijana aliyechukua ufunguo alipiga hatua mbele. Mimi nilijikuta nimesimama kati yake na dada, nikijua kabisa kwamba sina la kufanya. Dada akaniwekea mkono begani kunisogeza, akamwita mkuu aje aangalie kioo cha kile kidude.

"Angalia vizuri," alimwambia, kama anayemwelekeza mtoto ubaoni. Akaanza kufuta, sauti moja, ya pili, ya tatu. Hazikuwa za siku ile peke yake. Zilikuwamo na za machimbo mengine, kazi ya miezi, na nakala hakuwa nayo, kwa sababu aliwaahidi kina mama wote kwamba hatazitia kwenye kompyuta. Alikuwa akiziandika kwa mkono usiku, na bado alikuwa mbali.

Nilimwangalia uso. Alikuwa ameuma mdomo wa chini.

"Umefuta," mkuu alisema. "Anayefuta ana la kuficha."

"Ninalo. Nawaficha hawa."

Mkuu aliwaangalia kina mama, na hakuna aliyeinua kichwa. Kisha akamwambia kijana, "Mpe ufunguo wake."

Tulipofika barabarani dada aliniomba nisimame. Aliteremka, akasimama pembeni na kushika magoti. Nilidhani analia. Alipoinuka aliniuliza, "Alikasirishwa na swali lipi?"

Nikamweleza habari ya duara kutema. Alinisikiliza, akanifanya nirudie, kisha akapanda pikipiki, tukaenda Kahama.

Alianza upya. Safari hii bila kidude, na si machimboni. Aliwafuata kina mama nyumbani kwao, visimani, misibani. Wale wa siku ile ndio waliomtafuta wa kwanza. Mmoja aliniagiza nimwambie mwalimu aje, ana maneno hakuyamaliza. Dada alisikiliza, akarudi kwenye chumba changu na kuandika alichokumbuka huku nikipika ugali. Muda ulikuwa unaisha, na alikonda.

Siku ya kuitetea tasnifu nilimsindikiza. Ukumbi ulikuwa wazi kwa watu, nikakaa nyuma kabisa. Mtahini mmoja, mzee mwenye sauti ya chini, alifunua kurasa na kumuuliza, "Sauti ulizonasa ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Kwa hiyo tuamini neno lako?"

Dada alieleza kilichotokea bila kutaja mahali. Akasema hasira ya siku ile ndiyo iliyomfundisha asichokuwa anakiona: watoto hawapotei ovyo, wanafuata mawe, na mwalimu anayelijua hilo anaweza kujipanga badala ya kumfukuza mtoto. Mzee aliandika kitu. Tukatolewa nje. Kusubiri kule siwezi kukueleza. Alipoitwa ndani na kurudi, alisema tu, "Nimepita. Nina masahihisho."

Kwenye kundi la simu walimwandikia hongera siku nzima. Shule mbili za huko machimboni zikaanza kuwa na masomo ya jioni kila watoto wanapopungua, na yule mwenzake wa Geita akamwomba dada aende kuwafundisha walimu wake wanafunzi.

Tasnifu ilipojaladiwa, aliniambia nimrudishe machimboni. Nilikataa. Akasema atapanda ya mtu mwingine. Nikampeleka.

Kina mama walimpokea kwa vigelegele vya chini, vya tahadhari. Yule mama mwembamba akamwambia, "Nisomee pale mtu anapoeleza habari ya watoto." Dada alifungua penye maneno ya mama huyo huyo, yasiyo na jina, akasoma akigeuza kwa Kisukuma. Mkuu alikuwa amesogea na kusimama nyuma yetu. Nilimwona dada amemwona. Aliendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa.

"Huyo mama ni wa hapa?" mkuu aliuliza.

Mkuu aliwapitia kwa macho, mmoja mmoja, akafika kwa yule mwembamba.

"Ana mdomo huyo," mama yule alisema, akaweka jiwe jingine mbele yake. "Simjui."

Akaanza kuponda, na wengine wakafuata.