Mwanzia na Jina la Beki

"Mwanzia amejichagua mwenyewe," Mbula aliniambia bombani, hata sijatua debe. "Ameonekana Thika kwa Amrik, yule fundi wa mbao. Alikwenda kuandikisha jina lake. Mtu mzima, hana haya!"

 Mwanangu Ngina alikuwa mgongoni, amelala baada ya kulilia meno tangu alfajiri, nami nilisimama pale kwa sababu tu debe lilikuwa halijajaa.

Habari ya jina ilikuwa hivi. Padre aliyeanzisha mpira wa kikapu kambini kwetu, kwenye shamba la mkonge kati ya Thika na Ruiru, alikuwa anarudi kwao mwaka huo wa 1956. Alitaka kuacha ubao wa ukumbusho ukutani mwa shule, wenye majina ya wachezaji bora tangu timu ianze: mmoja mfungaji, mmoja wa katikati, mmoja beki. Padre mwenyewe alisema mlinzi, lakini siku hizo mlinzi kwetu alikuwa mtu wa bunduki, basi sisi tukasema beki kama kwenye kandanda. Wawili wa kwanza walipatikana bila ubishi. Beki akaachiwa Mwanzia amchague, kwa kuwa yeye alicheza nafasi hiyo na wote.

Ilikuwa kazi ngumu. Padre alitufundisha kwa kitabu cha zamani kilichosema beki havuki mstari wa katikati. Miaka minne mabeki wetu walikaa upande wao kama mbuzi waliofungwa kamba, hawakutia hata kikapu kimoja, kumbe wenzetu wa Ruiru walikuwa wakikimbia uwanja mzima na kutucheka. Kwa hiyo beki wetu hakuwa na vikapu vya kuhesabiwa. Alikuwa na macho ya waliomwona, basi.

Wanaume walibishana kila Jumamosi.

"Mbuvi! Yule alikuwa ukuta."

"Ukuta kweli. Hata mpira ukipita pembeni, ukuta hausogei."

"Basi Mwanzia. Yeye hakuchoka hata siku moja."

"Angechokaje na hakukimbia?"

Wakacheka, na Mwanzia akacheka nao. Jina la tatu hakuna aliyelitaja. Kagwe alikuwa mfupi, mtu wa upande wa Gatundu, na alinyang'anya mpira kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu, taratibu, bila kumkwaruza. Ndiye aliyevuka mstari kwanza, tukicheza na Ruiru, padre akipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, yalikuja malori ya askari, wakamchukua pamoja na Wakikuyu wengine wa kambi. Hakurudi. Tangu hapo kumtaja kulikuwa kama kuwasha kiberiti kwenye nyasi kavu.

Mlango wa Mwanzia ulitazamana na wetu. Alitoka Kangundo wakati wa njaa, akamwacha mkewe, mama Kilonzo, shambani na watoto, na kwa miaka minane alilisha majani ya mkonge kwenye injini ya kuchambua nyuzi. Maji ya mkonge yalimla vidole. Goti liliharibika mchezoni, na vumbi la nyuzi lilimkaa kifuani. Jioni aliketi kizingitini akavua kiatu kimoja, akapumzika kwanza, ndipo akavua cha pili. Meneja alikuwa amemwahidi unyapara kuanzia Januari: kusimama na karatasi, injini aachie wengine. Ila alimwambia pia kwamba jina la ubaoni liwe la mtu asiye na doa.

Jioni ile nilimpelekea chai.

"Baba Kilonzo, wanasema umejiandika."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ningejiandika, ningekuwa nimeshalala. Nilikwenda kumwomba Amrik aache nafasi ya beki wazi."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwanzia, ubao wenye pengo watu watasema fundi amesahau. Lete jina.'"

"Si umpe la Mbuvi? Atafurahi, na meneja hatakuwa na neno."

"Mbuvi anafaa. Hata mimi nafaa. Ndiyo taabu yenyewe." Alitazama vidole vyake. "Nimecheza kando ya yule mtu, mama Ngina. Nikichelewa, yuko. Nikianguka, yuko. Watu hawakumwona, kwa sababu beki akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea. Mimi nilimwona."

"Na unyapara?"

 Ngina alikuwa ametambaa mpaka miguuni pake, anavuta kamba za kiatu, naye akamwacha avute.

"Injini naijua," alisema mwishowe. "Miaka minane haijaniua."

"Na goti?"

"Goti halijaulizwa."

Akaingia ndani, nikamsikia akifungua sanduku. Alirudi na kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa mara nne na penseli fupi kama kidole cha mtoto, akaviweka mapajani mwangu.

"Wewe ulifika darasa la nne. Niandikie kwa herufi kubwa, Amrik asikosee. Kagwe wa Gathirwa. Halafu chini, kwa herufi ndogo, andika kwamba aliyechagua ni Mwanzia wa injini, peke yake. Wakija kuuliza, wasimsumbue fundi."