Nilivyoanguka Mbele ya Duka la Tonton Gustave

Nimewahi kumfukuzisha mtu nyumbani kwa kuanguka chini.

Aliyeanguka ni mimi. Aliyefukuzwa ni mwingine.

Msicheke bado.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka kumi na sita, tunaishi Malvern, Johannesburg. Mama Mtanzania. Baba ni wa hapa hapa, alirudi kutoka uhamishoni na mke, mtoto mmoja na maneno mengi. Dini hana. Akasema kuota ndevu siyo kukua, akanipeleka kwa mwalimu Lambert.

Lambert ni Mkongo. Usiku mlinzi, Jumamosi anafundisha vijana bure, chumba cha juu ya duka la matairi. Jumamosi kumi na mbili, unatoka mtu mzima.

"Hapa hatubatizi, hatutahiri," alituambia siku ya kwanza. "Mwenye dini abaki nayo. Hapa utajifunza kufikiri, na kujibu kwa ulichotenda. Siku ya mwisho utasimama mbele ya wazazi useme umechagua kuishi vipi."

Jumamosi ya saba tukaandika kwenye vikaratasi jambo ambalo mtu anaogopa kulisema nyumbani. Bila jina. Lambert anachanganya, anasoma, tunajadili.

Sheria moja tu: usimtafute mwenye karatasi.

Moja ilisema: "Mchungaji akinigusa paji la uso naanguka kama wengine. Sisikii chochote. Naogopa nikibaki nimesimama."

Mimi mwenzenu nikajua papo hapo.

Wa kanisa la kuangushana tulikuwa nao wawili. Shekinah, binti wa Gustave fundi cherehani, Mkongo tunayemwita tonton, yaani anko. Huyo anaongoza kwaya, akiomba machozi yanafika shingoni. Na Elisée, mpwa wa Gustave, yatima, analala jikoni kwao, mpole mpaka anakera.

Hesabu ya chekechea, au siyo?

Jumatatu tukitoka shule, tumejaa nje ya duka la Gustave, Jules Street. Mdomo ukaniwasha.

"Oya, nani anataka kumwona Elisée akishukiwa?"

Nikajipiga paji la uso, nikaanguka chali. Nikarusha miguu. Kisha nikafungua jicho moja: "Mchungaji, umemaliza? Huku chini kuna baridi!"

Watu walicheka mpaka mama muuza nyanya akashikilia meza yake.

Nikageuza shingo. Gustave mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Unaiga nani?"

Ningeweza kusema nacheza. Nikasema, "Elisée, tonton. Kaandika mwenyewe kwa mwalimu. Huwa anaanguka kwa uongo."

Ndani, Elisée alikuwa anapiga pasi, Shekinah yuko kwenye cherehani. Gustave akageuka, akauliza kwa Kiswahili chao cha Kongo kama ndivyo.

"Njo vile, Elisée?"

Elisée akamtazama Shekinah. Nikadhani anatafuta wa kumtetea.

"Njo vile, tonton."

"Miaka mine unadanganya Mungu ndani ya nyumba yangu? Toka!"

Begi lake lilirushwa nje, likatua pale pale nilipokuwa nimelala. Julai hiyo, baridi inakata masikio. Kuna jamaa mmoja alikuwa bado anacheka, alifika amechelewa.

Cherehani ya Shekinah haikusimama hata sekunde.

Jumamosi Lambert hakunifokea.

"Elisée analala kwenye kibanda changu cha ulinzi," alisema. "Wakimkuta, mimi sina kazi, na yeye hana kibali cha kuishi nchi hii. Mrudishe kwa Gustave, Luka."

Nikaenda. Shekinah alikuwa mlangoni anafagia vipande vya vitambaa.

"Nataka kumwambia baba yako kwamba nilizusha."

"Hatakuamini. Elisée alishakubali."

"Lakini alikubali kwa nini?"

Akainua uso. Chozi hata moja hakuna.

"Kwa sababu karatasi ni yangu."

Eish.

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona ulisema?"

"Basi mwambie baba yako sasa."

"Mwambie wewe. Mpwa kamtupa na begi, mimi atanifanya nini? Ingia. Si wewe ndiye bingwa wa kusema?"

Kabla sijajibu, Gustave akatokea, mikono wazi, akanikumbatia.

"Luka! Wewe njo ulisafisha nyumba yangu. Ingia nikushonee suruali. Bure!"

Mdomo wangu, ule ule, ukajifunga.

Akanipima kiuno. Akanipima mguu. Kila namba aliyoitaja, Shekinah aliiandika, taratibu, kwa mwandiko mzuri.

Wiki mbili baadaye polisi walimkuta Elisée kibandani. Alirudishwa Kongo, kwa watu ambao hawapo. Lambert akafukuzwa kazi.

Siku ya mwisho nilisimama mbele ya wazazi nimevaa suruali mpya, ile ya Gustave. Lambert akaniuliza nimechagua kuishi vipi. Nikatupa utani. Ukumbi ukacheka, baba akapiga makofi mpaka akasimama.

Lambert akanipa cheti bila kunishika mkono.

"Hongera," akasema. "Umekuwa mtu mzima. Wengi wetu tuko hivyo."

Miaka minne sasa. Nyie wenye midomo kama wangu, chukueni hili: kusema siyo ujasiri. Mimi nilisema pa kunyamaza, nikanyamaza pa kusema, na kote kuwili nilishangiliwa.