Siku Sajini Alipokagua Mkoba Wangu

Nilirudi kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nikiwa na miaka hamsini na mmoja, Jumatano moja asubuhi, nimekaa ofisini kwangu, na bila kuulizwa.

Chanzo ni mdomo wangu. Chuo ninachofundisha hapa Kampala kiliamua kwamba kila mwanafunzi wa stashahada ya ualimu wa watu wazima awe na mkoba wa mtandaoni: ukurasa wake kwenye intaneti, anapoweka ushahidi wa kazi alizofanya muhula mzima na kueleza amejifunza nini. Kisha shahidi aliyemwona akifanya kazi anathibitisha, na mwalimu anaidhinisha. Kwenye kikao nilisimama nikaupinga mpango huo kwa dakika ishirini. Nilisema elimu haipigwi picha. Sentensi hiyo niliipenda, nikairudia. Mkuu wa idara alinisikiliza mpaka mwisho, akaniteua msimamizi wa mpango, kwa kuwa, alisema, hakuna mwingine aliyeufikiria kwa kina kiasi hicho.

Ili kuwaonyesha wanafunzi jinsi mkoba unavyofunguliwa, nilifungua wangu wa mfano. Nilipiga picha kikombe changu cha chai, nikaandika chini yake: "Muhula huu nimejifunza subira." Darasa likacheka. Mtambo wa mikoba haukucheka. Uliniandikisha.

Sikujua hilo mpaka Jumatano ile, nilipofungua mkoba wa sajini.

Sajini alikuwa mwanafunzi wangu, mama wa makamo kutoka kaskazini, polisi wa miaka mingi, anayekaa kambini na kuongea Kiswahili cha kambini, kile ambacho mimi hulipwa kukisahihisha. Asubuhi za mapumziko yake aliwafundisha kusoma wanawake wauza mboga wa soko la Kalerwe. Chuo cha mafunzo ya polisi kilikuwa kimemwekea nafasi ya ukufunzi, kwa sharti kwamba jina lake liwe kwenye orodha ya wahitimu kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Likikosekana, kulikuwa na mwingine aliyeisubiri nafasi hiyo.

Mkoba wake ulikuwa wa ajabu. Askari anapokaguliwa hutandika blanketi kitandani na kupanga vifaa vyake juu, kila kitu kwenye mstari wake. Sajini aliposikia neno ushahidi, alifanya vivyo hivyo. Picha ya kwanza: blanketi la kijivu, chaki zimepangwa kwa urefu, daftari la masomo, kifutio, na viatu vyeusi vinavyong'aa, ambavyo hakuna aliyeviomba. Mwezi wa kwanza nilimwandikia maoni: "Hapa si gwaride." Mwezi wa pili maoni yangu yalitokea kwenye blanketi, yamechapwa, yamepigwa pasi, yamewekwa sambamba na chaki.

Lakini kati ya blanketi na blanketi kulikuwa na karatasi za mwanafunzi wake mmoja, mama Mkongomani muuza sombe, yaani kisamvu. Wiki ya kwanza, vijiti vilivyolala ovyo. Wiki ya nne, jina lake, herufi moja imegeuka mgongo. Wiki ya kumi na mbili, barua nzima kwa dada yake aliye Bukavu, ikilalamika kuhusu mvua. Nilizitazama mara mbili, nikakumbuka ile sentensi yangu ya kikaoni, nikaamua kutoikumbuka.

Nikabonyeza "Idhinisha". Mtambo ukajibu kwamba mwanafunzi hawezi kumwidhinisha mwanafunzi mwenzake.

Nilikwenda kwa bwana wa kompyuta, mtu wa umri wangu anayetafuna karanga bila kupumzika.

"Nifute," nikamwambia.

"Mwanafunzi hafutwi, ssebo. Mwanafunzi anatoka kwa njia tatu. Kufukuzwa, kufa, ama kuhitimu."

"Nifukuze."

"Hiyo inapita seneti. Seneti inakaa mwezi ujao."

"Na kufa?"

"Inataka cheti." Akanitazama kama anayepima uwezekano. "Kuhitimu ndiyo ya haraka. Wewe huna mwalimu. Weka ushahidi tatu, shahidi mwenye namba ya utumishi wa umma athibitishe, itakupitisha yenyewe."

Mtu mwenye namba ya utumishi, na mwenye haraka kama yangu, nilimjua mmoja tu.

Alhamisi alasiri sajini alifika kwetu Kyebando. Nilikuwa nimepanga mezani makala zangu za magazetini, shahada zangu mbili, na cheti cha warsha. Aliizunguka meza, mikono nyuma.

"Mwalimu, hii vitu yote ni ya zamani. Fomu inasema muhula hii."

"Cheti ni cha muhula huu, afande."

"Iko sawa. Warsha ilikufundisha nini?"

Nilifikiri. Nilikumbuka ukumbi, kiyoyozi, sambusa za nyama.

"Mambo mengi," nikasema.

"Taja moja."

Nikakumbuka sambusa tena.

"Mkague vizuri, afande," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Mimi nimejaribu miaka ishirini na mbili."

"Mama, hii kuruta haina kitu."

Nilimkumbusha sajini, kwa sauti ya chini, kwamba bila uthibitisho wake mimi sihitimu, na mimi nisipohitimu naye hahitimu. Abonyeze tu, tumalize.

"Mimi nabonyeza uongo leo," akasema, "kesho nasimama mbele ya makuruta, nafundisha nini?" Akavaa kofia yake. "Kesho saa mbili asubuhi, Kalerwe. Unakuja kujifunza kitu moja. Moja tu, mwalimu. Sitaki ujisumbue."

Kwa hiyo Ijumaa nilikuwa Kalerwe, kwenye kibanda cha yule mama wa sombe, nimevaa shati la kikao. Sajini alikuwa ameamua nijifunze kufunga mafungu ya mboga kwa kamba ya mgomba. Fungu la kwanza lilimwagika miguuni mwangu. Akalipiga picha.

"Papa, weye unakaza kama unanyonga kuku," mama wa sombe akaniambia. "Mboga haina makosa. Zungusha mbili, kunja, ingiza chini."

"Nimezungusha mbili."

"Umezungusha moja, ukaongea nyingi."

Mteja mmoja alilishika fungu langu jingine, likafunguka, akaondoka. Saa tano vidole vyangu vilikuwa vya kijani na wauza nyanya walikuwa wameanza kunishangilia. Mmoja alimuuliza sajini nimefanya kosa gani mpaka nikapewa adhabu hii.

"Hii ni mwanafunzi," sajini akajibu.

Muuza nyanya yule alizitazama mvi zangu, akaniambia pole.

Saa saba fungu moja lilikaa. Nililinyanyua, nikalitikisa, halikumwagika. Nilifurahi kuliko siku nilipopata shahada ya pili, na nasema hivyo kwa aibu.

Picha tatu zilikuwa tayari, yalibaki maelezo. Sajini alimpa mama wa sombe simu anisomee fomu. Akasoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya maneno, polepole, bila kuruka hata moja: "Eleza kitu ambacho ulikuwa hujui." Akanyanyua macho. "Papa, jibu."

Mwanzoni mwa muhula mama huyo alikuwa akiandika vijiti. Nilijibu kwamba nilikuwa sijui kufunga mboga, kwamba nilikuwa sijui kuelekezwa, na kwamba elimu, ikibidi, hupigwa picha.

Saa kumi na nusu tulikuwa ofisini kwangu. Sajini alithibitisha, na maoni yake ya shahidi yakatokea kwenye skrini: "Kuruta anasikia. Fundo bado legevu. Anaongea sana." Mtambo ukanihitimisha, ukanipongeza, ukaniomba kipimo cha kichwa kwa ajili ya kofia ya mahafali. Nikaufungua mkoba wake nikabonyeza "Idhinisha". Safari hii ulikubali. Jina lake likaingia kwenye orodha zikiwa zimebaki dakika kumi na nane.

Alikuwa amesimama wima nyuma ya kiti changu muda wote. Alishusha pumzi, akajifuta macho kwa kiganja, mara moja tu. Nikasubiri asante.

"Mwalimu," akasema, akinyoosha kidole kwenye mkoba wangu, juu kabisa. "Hii kikombe bado iko hapa. Inasema umejifunza subira."

"Huo ni mfano tu, afande."

"Shahidi ni nani?"

Nikaifuta picha.