Mstari wa Kalamu Mdomoni

Alikuwa amepiga tarumbeta miaka ishirini na sita katika bendi ya magereza. Alipostaafu na kuombwa afundishe watoto katika shule ya jirani, hakuuliza afundishe vipi. Aliburuta kiti, akakaa katikati yao, akaweka chombo mdomoni. Wao wakasikiliza, wakajaribu. Aliyekosea alijisikia mwenyewe kwamba kakosea, maana sauti iliyonyooka ilikuwa pale pale, bega kwa bega naye. Watoto walimwita Mama Bendi. Wazazi walinung'unika kidogo: mwalimu gani huyu haongei?

Kisha mkuu wa shule akaleta mkufunzi kijana mwenye vyeti vyake. Viti vikageuzwa kutazama ubao, Mama Bendi akawekwa nyuma kama msaidizi. Wiki tatu nzima tarumbeta zilikaa mapajani, watoto wakinakili mchoro wa midomo. Siku waliporuhusiwa kupuliza, mkufunzi alimpitia mtoto mmoja mmoja na kalamu ya wino, akamchora mstari mdomoni: kipulizio kinakaa hapa, si kwingine.

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, wenzake wakimwita Kipengo kwa sababu aliwahi kuanguka kwenye ngazi, jino la mbele likang'oka. Yeye kipulizio alikiweka pembeni, karibu na kona ya mdomo, kichwa kimelala upande. Alijitafutia mwenyewe hivyo baada ya kumtazama Mama Bendi akihangaika na mdomo wake mpaka sauti ikakaa. Na sauti ya mtoto yule ilijaza chumba bila kupiga kelele.

Mkufunzi alimchora mstari katikati, juu ya pengo. Mtoto akapuliza, ikatoka hewa tupu. Akalazimishwa tena na tena, mdomo ukavimba, ukachanika kwa ndani. Wiki iliyofuata alikuja na tarumbeta ya shule ndani ya sanduku lake, akaliweka mezani, akatoka bila kuaga.

Damu ilimchemka Mama Bendi. Alisimama mbele ya darasa zima, akampasha mkufunzi bila kumung'unya maneno kwamba amemfukuza mpigaji bora kuliko wote. Mkufunzi alijibu kwa upole kwamba kanuni haina upendeleo, mtoto atakuja kumshukuru. Mama Bendi akamnyooshea tarumbeta yake.

"Usinieleze, mwalimu. Piga."

Alitaka aumbuke, tena mbele ya watoto. Kijana alifuta kipulizio kwa shati, akapiga wimbo wa taratibu, na akapiga vizuri mno. Watoto wakatulia tuli. Mmoja akaiinua tarumbeta yake, akaanza kumfuata chini chini.

Hapo ndipo Mama Bendi alipokasirika kweli. Kumbe anaweza! Afadhali angekuwa hajui.

"Unacho kipaji hiki," alisema, "na muda wote huu umewapa chaki."

Mkufunzi alisema naye alifundishwa hivyo hivyo, akamrudishia chombo, akageukia ubao. Yule mtoto aliyekuwa akimfuata aliambiwa aweke tarumbeta chini. Mkuu wa shule aliposikia, akamtaka Mama Bendi aandike malalamiko yake kwa utaratibu. Hakuandika. Aliondoka mchana ule ule.

Alikwenda nyumbani kwa Kipengo, aliyekuwa akilelewa na shangazi yake, mshonaji. Shangazi alisema mtoto hataki hata kusikia habari ya muziki. Mama Bendi hakubembeleza. Aliomba kigoda, akakaa barazani, akafanya mazoezi yake mwenyewe, siku tatu mfululizo. Siku ya nne Kipengo alitoka, akasimama mlangoni.

"Mama, mbona unapiga vibaya?"

"Nina hasira, mwanangu."

Akampa tarumbeta ya pili aliyokuja nayo. Mtoto akaiweka pembeni mwa mdomo.

Siku hizi watoto wanaojifunza kwake wako saba, pale uani kwa shangazi, cherehani ikinguruma kando yao. Mkufunzi bado yuko shuleni. Kila Mama Bendi alipopishana naye njiani, alitazama mbele na taya limekaza. Mpaka juzi alipomwona Kipengo akimpita mwalimu yule bila salamu, taya limekaza vile vile. Hakumkemea. Kesho yake alikutana na mkufunzi, watoto wote wakiwa nyuma yake. Akasimama, akamsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani, huku moyo ukimwaka moto.