Risasi kwenye Damu

"Mtoto huyu ana risasi kwenye damu," daktari alituambia, akaita mgonjwa mwingine. Hivyo tu! Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, alimfunua mdogo wangu gauni pale pale kwenye benchi kutafuta tundu. Hakuona hata mkwaruzo. Njia nzima hadi Dandora alikuwa akicheka: ati risasi! Nani ampige risasi mtoto wa miaka mitatu na sisi tusisikie mlio? Mama hakucheka. Alisema huyo daktari amesoma mpaka akapitiliza, akaingia jikoni kuchemsha dawa yake ileile ya kila siku.

Mdogo wangu alikuwa akilia tumbo, amekonda, na maneno machache aliyoyajua yalikuwa yameanza kumpotea. Kwa tumbo, watu wetu wa Ukambani hawana mchezo: ni magome na mizizi, asubuhi na jioni. Na dawa haichemshwi kwenye sufuria ya chakula, itaisha nguvu. Ina chungu chake. Chetu kilivunjika tulipohamia Dandora, na mama hangekubali kuvunja mwiko, kwa hiyo alimwendea fundi wa mabati, naye akamtengenezea birika kutokana na debe. Viungo aliviziba kwa lehemu aliyoyeyusha kutoka betri kuukuu za magari, zile za jalalani. Birika lilikuwa zuri, halikuvuja hata tone. Dawa ilikaa humo kutwa, ikizidi kukolea, na kadiri mtoto alivyoumwa ndivyo alivyoongezewa kikombe.

Niliyajua haya miaka mitano baadaye, nikiwa shule ya ufundi. Mwalimu aliinua kipande cha lehemu, akaeleza kwa Kiingereza kilivyotengenezwa. Alipoona tumemkodolea macho, akatafsiri: "Ni bati na risasi. Risasi ni sumu, nawa mikono kabla hujala."

Kumbe risasi ni madini! Yule daktari angeongeza neno moja tu. Angeuliza, "Mnampa nini nyumbani?" Angeuliza, jamani! Nina hasira naye hadi leo, na sitaki kuambiwa ati foleni ilikuwa ndefu.

Sikungoja kengele. Nilifika nyumbani nikalimwaga birika uani, nikalikanyaga mpaka likapasuka. Mama akatoka mbio.

"Wewe! Una wazimu? Unataka mwenzako afe?"

Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni. Wenzake wa rika lake walikuwa darasa la tatu, na yeye bado hajui kuhesabu vidole vyake. Watoto wa ploti walimwita zuzu. Nilimweleza mama yote, lehemu, betri, risasi, nikipiga kelele kana kwamba yeye ndiye daktari.

Mama aliketi chini, pale pale kwenye matope ya dawa.

"Alikuwa anakataa," akasema. "Kila siku alikuwa anakataa, na mimi namziba pua mpaka ameze."